Grafu tatu za nanotyubu kutoka hadubini ya STM: hii ya pili ni metali au semikondakta?

Nyar_Maseno

Hamjambo wote. Nasoma uzamili wa fizikia, na kazi yangu ni ya kompyuta: nakokotoa muundo wa elektroni wa nanotyubu za kaboni zenye ukuta mmoja, yaani neli nyembamba mno za atomi za kaboni, kisha nalinganisha hesabu na vipimo halisi. Hadubini ya STM, ile inayopapasa atomi kwa ncha ya sindano, naijua kwa picha tu. Vipimo nimetumiwa na maabara fulani ya ng'ambo. Msimamizi wangu yuko safarini na hashiki simu, kwa hivyo nimekwama na sura ya nne.

Nina faili tatu. Kila moja ina volti, mkondo, na picha ya neli ikiwa imelala juu ya bamba la dhahabu. Maelezo ni mstari mmoja tu. Nimechora dI/dV, yaani mteremko wa mkondo dhidi ya volti.

Grafu A: katikati hakuna mkondo kabisa, kutoka volti −0.10 hadi +0.48, kisha kilele kimoja kila ukingo. Pengo hilo lisilo na mkondo ni 0.58 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati). Kanuni niliyosoma inasema pengo ni 2 × 2.7 eV × 0.142 nm, ugawanye kwa kipenyo. Picha inaonyesha neli yenye kimo cha nanomita 1.3, na kanuni inanipa 0.59. Hapo sina neno. Lakini mbona pengo limehamia upande wa chanya? Hesabu zangu zote zinaweka sifuri katikati.

Grafu B: vilele viko mbalimbali mno, −0.60 na +1.10. Hilo ni pengo la 1.7 eV. Nikilirudisha kwenye kanuni ile ile napata kipenyo cha nanomita 0.45, na picha inasema 1.3! Hapa ndipo nilipoanza kushuku kwamba faili zimechanganywa.

Grafu C: mkondo upo kila mahali, ila kwenye sifuri penyewe kuna kibonde chembamba, upana wake kama 0.04 eV. Nimesoma kwamba neli za metali za aina ya zigizaga, zile ambazo m ni sifuri, huwa na pengo dogo la namna hiyo. Naruhusiwa kufurahi?

Atomi zinaonekana kwenye picha za A na B, zile pembesita. Nimejaribu kutafuta jozi ya (n, m), zile namba mbili zinazoeleza karatasi ya kaboni imeviringishwaje kuwa neli, nikaambulia majibu chungu nzima. Stima ikirudi nitapandisha picha.

FundiNjoro

Binti, tulia. Faili hazijachanganywa. Nilitunza mashine hizi miaka mingi huko Ulaya kabla sijarudi Njoro kufuga ng'ombe wa maziwa, na grafu kama hiyo B imewatoa jasho wengi.

Acha vilele kwanza, tazama sakafu iliyo kati yake. Ya A umesema haina mkondo kabisa. Ya B hukusema kitu. Rudi uangalie. Nakuhakikishia utakuta dI/dV haishuki hadi sifuri: imelala tambarare, juu kidogo ya sifuri, kutoka kilele hadi kilele. Sakafu hiyo maana yake hali za elektroni zipo pale pote. Neli hiyo ni metali, na ile 1.7 si pengo.

Sababu ni hii. Elektroni hukimbia huru kwa urefu wa neli, lakini kuzunguka mwili wake ni lazima mawimbi yaenee mzima mzima. Ni kama ushanga wa kiunoni, huwezi kuufunga ukiwa na nusu ya shanga. Kwa hiyo nishati inagawanyika katika bendi nyingi nyembamba, na kila bendi inapoanza, wingi wa hali unaruka ghafla kisha unateremka taratibu. Miruko hiyo ndiyo vilele vyako, vile vinavyoitwa vya van Hove. Kwenye semikondakta, jozi ya kwanza ya vilele imeachana kwa ile kanuni yako yenye 2. Kwenye metali kuna bendi mbili zinazokatiza katikati, ndizo zinazotandaza sakafu, na jozi ya kwanza ya vilele imeachana kwa 6 badala ya 2. Piga basi: 6 × 2.7 × 0.142, gawanya kwa 1.7. Unapata nanomita 1.35. Picha yako imesema 1.3. Kuna ugomvi gani hapo?

Uliyoyapata ndiyo yaliyotangazwa Januari 1998, pale kundi la Cees Dekker wa Delft, Uholanzi, likitumia neli zilizotoka kwa Richard Smalley wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na kundi la Charles Lieber wa Harvard walipochapisha matokeo yao katika toleo moja la jarida la Nature. Nadharia ilikuwa imeshasema tangu 1992: toa m kutoka n, jibu likigawanyika kwa 3 neli ni metali, lisipogawanyika ni semikondakta. Hakuna aliyekuwa ameona atomi na kupima elektroni kwenye neli ile ile moja. Watu wa Delft walikuta namba zimejipanga mafungu mawili, 0.5 hadi 0.6 eV na kuanzia kama 1.7 eV. Fungu la pili ni metali, kama hiyo B yako.

Sasa kuhama kwa A. Lawama ni ya dhahabu. Dhahabu hushikilia elektroni kwa nguvu kuliko neli: kuing'oa elektroni kwenye dhahabu kunahitaji kama 5.3 eV, kwenye neli kama 4.5. Vikigusana, neli inapoteza elektroni kidogo, na kiwango cha Fermi, yaani nishati ambapo elektroni zinaishia kujaa, kinasogea kuelekea bendi ya chini. Katikati ya pengo lako ni +0.19. Katikati ya vilele vya B ni +0.25. Delft waliona msogeo wa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kwenye sura ya nne usiandike kwamba vipimo vimepinda, wala usisogeze data ili ifanane na kompyuta. Sogeza hesabu yako, na useme ni kwa nini.

Ila kabla ya hayo yote uliza swali moja: volti iliwekwa kwenye sampuli au kwenye ncha? Kuna mashine zinazoiweka kwenye ncha, na hapo chanya inageuka hasi. Kwa kuwa A na B zote zimehamia upande unaotarajiwa, naamini ni kwenye sampuli. Lakini nataka waandike wenyewe.

Nina kazi nyingine kwako. Kwenye semikondakta jozi ya pili ya vilele huachana mara mbili ya jozi ya kwanza. A ikiwa ni neli safi, utafute vilele vilivyoachana kama 1.16, katikati yake ikiwa ile ile ya +0.19. Ukivikosa, rudi hapa.

C tutaizungumza baadaye. Kwanza niambie halijoto.

JuaKali_Kibuye

Samahani wazee, mimi ni fundi wa redio hapa Kisumu, nimepita tu nikanasa. Hiyo sindano inagusa hiyo neli ama haigusi? Na kama ni sindano ya ncha ya atomi moja, inachongwa na nani?

FundiNjoro

Haigusi, ndugu yangu. Inasimama chini ya nanomita moja kutoka juu ya kitu, na elektroni zinapenya ile nafasi tupu. Ukiisogeza ncha karibu kwa nanomita 0.1 tu, mkondo unaongezeka kama mara kumi. Hiyo ndiyo siri ya mashine yote: atomi moja iliyochomoza mbele inabeba karibu mkondo wote, zilizo nyuma yake hazina kazi.

Kuichonga utacheka. Unachukua waya wa platini uliochanganywa na iridi, unaushika kwa koleo, unaukata kwa mkasi kwa mshazari huku ukiuvuta. Ukisikia umekatika ghafla badala ya kubanwa, una nafasi nzuri. Ndivyo hivyo, mashine ya mamilioni na mkasi wa kukatia bati. Wengine hutumia tungsteni wakaichonga kwa kuizamisha kwenye maji ya magadi makali, yale ya sodiamu haidroksaidi, wakipitisha umeme.

Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliitengeneza 1981 katika maabara ya IBM karibu na Zürich, na wakapewa Nobeli 1986. Kwako wewe fundi wa redio: kuna watu huitengeneza nyumbani kwa vile visahani vya pizo, vinavyojikunja kidogo vikipata umeme, vinavyotoka kwenye vingora vya saa, wakaona atomi za grafiti hewani tu, bila ombwe. Grafiti unaichuna kwa gundi ya karatasi upate uso mpya. Adui wako ni mtikisiko. Mimi hapa trela za barabara ya Eldoret nazisikia usiku, na chombo hicho kingezisikia zaidi yangu. Ining'inize kwa raba ndefu. Lakini kupima vilele kama vya huyu binti utahitaji heliamu ya kimiminika ya kupozea, na hiyo Kibuye haiuzwi.

Nyar_Maseno

Mzee Fundi, asante sana. Stima ilirudi usiku.

B: ni kweli, sakafu iko juu ya sifuri, tambarare kabisa. Nilikuwa nimepunguza kipimo cha mhimili wa wima ili vilele vitoshee, ikaonekana kama inagusa chini.

A: nimeviona vilele vya pili, −0.39 na +0.76. Vimeachana 1.15. Cha upande wa hasi kimefifia lakini kipo.

Mstari wa maelezo unasema kelvini 4 kwa A na B, na kelvini 77 kwa C. Kipimo cha C kilifanyika siku tofauti. Picha ya C haina atomi, ina neli yenye kimo cha kama 1.0, na pembeni yake kuna mbili nyingine zimelala zimegusana nayo. Vilele vyake viko −0.95 na +1.35.

Kwa upande wa (n, m): kipenyo cha B kutoka vilele ni 1.35. Naweka (10, 10)?

Mwalimu_Lurambi

Dada, nimefuata mjadala nikiwa Kakamega, nami natoka upande wa hesabu kama wewe. Nina mawili.

La kwanza ni hiyo (10, 10). Usiiweke kwa kipenyo pekee. Kipenyo cha (10, 10) ni nanomita 1.356. Cha (11, 9) ni 1.358. Tofauti ni 0.002, hakuna hadubini itakayokuonyesha hiyo kwa kimo, na (11, 9) ni semikondakta maana 11 ukitoa 9 ni 2. Tena (15, 4) ina kipenyo kile kile cha (11, 9): fanya n² + nm + m² uone zote mbili zinatoa 301. Kwa bahati wewe unajua tayari B ni metali, kwa hiyo (11, 9) na (15, 4) zimetoka. Lakini (13, 7) ya 1.376 na (14, 5) ya 1.336 ni metali pia, zimebaki mezani. Kinachotenganisha ni pembe ya msokoto unayosoma kwenye zile pembesita: (10, 10) iko digrii 30 kutoka upande wa zigizaga, na (14, 5) iko chini ya digrii 15.

La pili ni hilo pengo la A kukubaliana na kanuni kwa uzuri. Kanuni yako ni ya elektroni mojamoja, haijui kwamba elektroni zinasukumana. Msukumano huo hulipanua pengo. Dhahabu iliyo chini nayo hufunika chaji na kulipunguza tena. Mawili hayo yanafutana kwa sehemu, na ile 2.7 ilichaguliwa kwa kulinganishwa na vipimo. Kwa hiyo ukitumia programu yako ya kawaida ya DFT, ile njia ya kukokotoa kwa msongamano wa elektroni, ukapata pengo dogo kidogo, usikimbilie kulaumu maabara. Na tafadhali usichukue namba za watu wanaopima kwa mwanga ukaziweka jedwali moja na hizi. Mwanga ukipiga neli unaacha elektroni na tundu lake vimeng'ang'aniana, na kwa neli ya nanomita 0.8 nguvu ya kung'ang'ania hiyo ni kama 0.4 eV. Vipimo viwili vya vitu viwili tofauti.

FundiNjoro

Mwalimu amesema kweli, ila niongeze la picha kwa kuwa yeye hajawahi kufuta ncha yenye uchafu. Hiyo pembe usiisome moja kwa moja. Uso wa neli umepinda, na elektroni huipenya kwa njia iliyo fupi kuelekea ncha, si wima chini. Matokeo yake pembesita zinavutwa upande, zinaonekana pana kuliko zilivyo, na pembe inaongezeka. Soma umbali kwa kufuata urefu wa neli kwanza, huo haudanganyi sana. Kisha waombe picha mbili za eneo lile lile, ya ncha ikienda na ya ncha ikirudi. Kama pembe zinapishana, mashine ilikuwa inateleza kwa joto. Waulize pia walisawazisha pizo kwa kitu gani. Ngazi moja ya atomi kwenye dhahabu yenye uso wa aina ya (111) ni nanomita 0.235, na mara nyingi ipo kwenye picha yako hiyo hiyo, pima mwenyewe.

Na upana wa neli kwenye picha usiuguse kabisa. Ncha ina umbo lake, inaanza kuhisi neli kabla haijaifikia. Neli ya 1.3 unaweza kuiona na upana wa 4. Kimo nacho si kipenyo kamili, kwa kuwa dhahabu na kaboni hazitoi mkondo sawa. Ndiyo sababu mimi huamini vilele kuliko kimo.

Sasa C. Kelvini 77, peke yake, inasambaza kila kitu kwa kama 0.02 eV. Kibonde cha 0.04 kinaweza kuonekana, kwa shida. Ingekuwa joto la chumbani ningekwambia futa, maana huko msambao ni kama 0.09. Kisha waulize volti ilitikiswa kwa kiasi gani wakati wa kupima kwa lokini, kile kifaa kinachochuja ishara ndogo kutoka kwenye kelele. Kama waliitikisa kwa milivolti 20, kingo za kibonde hicho ni za mtikiso kama zilivyo za neli.

Hilo la zigizaga lipo kweli. Kundi la Lieber lilionyesha mwaka 2001 kwamba neli kama (9, 0), (12, 0) na (15, 0), zinazopaswa kuwa metali kwa hesabu ya 3, zina pengo dogo kwa sababu ya mpindo wa ukuta, kama 0.08, 0.04 na 0.03 eV. Najua ndiyo maana umeshangilia: kipenyo cha (12, 0) ni 0.94 na picha yako inasema 1.0.

Mwalimu_Lurambi

Mzee, mimi nasema hapana kwa C. Tazama vilele vyake: −0.95 na +1.35. Katikati ni +0.20, dhahabu imefanya kazi yake ya kawaida. Pengo la mpindo huwa pale bendi zinapokaribiana, yaani lingekuwa karibu na +0.20. Kibonde cha dada kiko kwenye sifuri penyewe. Kitu kinachong'ang'ania sifuri wakati bendi zote zimehama hakitoki kwenye bendi. Mimi nashuku chaji inayokwama, kile kizuizi cha Coulomb, kama neli haijagusa dhahabu vizuri.

FundiNjoro

Hoja nzuri, na sikuipiga hiyo hesabu. Lakini usisahau zile neli mbili za pembeni. Zimegusana naye. Kundi lile lile la 2001 lilikuta neli za aina ya amchea, zile ambazo n na m ni sawa, zikiwa peke yake hazina pengo, zikiwa kwenye fungu zinaonyesha pengo la nusu nusu. Sisemi ndicho hicho. Nasema bila picha ya atomi hakuna mtu hapa anayejua C ni zigizaga au amchea.

Binti, jambo moja la mwisho la kuangalia. Uligawanya dI/dV kwa I/V, ama hukugawanya? Kugawanya ni desturi nzuri, kunaondoa athari ya umbali wa ncha. Ila karibu na sifuri unagawanya kitu kidogo kwa kitu kidogo, na kelele yoyote inaota pembe au inachimba shimo. Chora C bila kugawanya, uone kama kibonde kinabaki.

JuaKali_Kibuye

Nimepata visahani vinne vya pizo kwa mama mmoja anayeuza vyuma chakavu. Grafiti ya betri itafaa?

FundiNjoro

Ya betri ni unga ulioshindiliwa, haina uso bapa. Tafuta grafiti ile ya tabaka, ukikosa niandikie pembeni, nina kipande.

Nyar_Maseno

Nimechora bila kugawanya. Kibonde cha C kipo bado, kina kirefu kidogo tu kuliko mwanzo, na bado kiko kwenye sifuri.

Nimewaandikia maabara leo asubuhi: volti iliwekwa wapi, mtikiso wa lokini ulikuwa milivolti ngapi, na picha za kwenda na kurudi za B. Nimeuliza pia kama wana kipimo cha C sehemu nyingine ya neli ile ile, mbali na zile mbili zilizoigusa. A na B zinaingia sura ya nne na kiwango cha Fermi kikiwa kimesogezwa, B nikiiandika metali yenye (n, m) tatu zinazowezekana. C itakaa kwenye folda yake mpaka wajibu.

Mwalimu, hiyo ya 301 nimeikagua kwa mkono, ni kweli. Erokamano, wote wawili.